Baba Hazikwi Bila Waziri

Jumatatu, 6 Mei

Baba ametutoka asubuhi. Mzee Aikaeli, miaka themanini na kitu, kahawa na migomba maisha yake yote. Dada yangu Elinipendo alikuwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa Moshi mjini, mtaa wa Pasua, namwonyesha mteja kiwanja ambacho mwenyewe wala hakiuzi. Nimelia juu ya bodaboda kutoka mjini hadi huku mlimani. Nimelia kweli.

Elinipendo, ambaye ameacha mume na mashamba yake Kahe ili amuuguze Baba, amenieleza wosia. Mzee alitaka azikwe upesi, kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, kando ya Mama. Hotuba zisiwepo. Nikasema sawa.

Halafu nikamkumbuka Sifael!

Sifael tulilala naye chumba kimoja miaka yote ya sekondari, hapa hapa nyumbani, maana kwao Sanya Juu kulikuwa mbali na shule. Alikunywa mtori wa Mama mpaka akanenepa. Leo ni Waziri. Waziri kamili, anayekaa meza moja na Rais. Na mawaziri huteua wajumbe wa bodi za mashirika. Mimi ningefaa bodi yoyote. Hata ya samaki.

Waziri akisimama kaburini, akanishika bega mbele ya kata nzima, nani ataniita tena dalali?

Jumanne, 7 Mei

Kikao cha ukoo. Wote walitaka tuzike Alhamisi. Nimesimama nikasema Jumamosi, kwa sababu Mheshimiwa Waziri anakuja. Ikapita minong'ono ya heshima. Raha iliyoje, Mungu anisamehe.

Elinipendo akasema Baba hakumwomba waziri yeyote, aliomba shimo. Nikamjibu kwamba wosia ni mapendekezo. Akaniangalia kama mtu anayetazama maziwa yaliyoharibika.

Nikaunda kamati kwa mfano wa Baraza la Mawaziri. Mimi mwenyekiti. Mke wangu Digna, Waziri wa Jiko. Binamu yangu Rodrick nimempa unaibu, Maturubai na Viti. Akauliza mbona yeye naibu. Nikamfafanulia Katiba: Baraza ni Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na mawaziri wote, Rais akiwa kiti cha mbele. Mwanasheria Mkuu huhudhuria ila hapigi kura. Naibu waziri hayumo kabisa! Hujibu maswali bungeni, hukata utepe, basi.

Rodrick akasema, "Kumbe! Basi viti utavibeba mwenyewe."

Jumatano, 8 Mei

Sifael amenipigia mwenyewe, si msaidizi wake. Sauti ilikuwa imekauka. Akasema Mzee Aikaeli alikuwa baba yake wa pili. Nikamwambia kila kitu kinamsubiri yeye. Akashtuka.

"Elifuraha, msinisubiri. Kesho Baraza linakaa, keshokutwa niko bungeni na bajeti yangu. Mzikeni Mzee. Nitakuja hata baadaye, nikae kaburini peke yangu."

Nikamuuliza Baraza litajadili nini. Akasema ameapa kutunza siri. Nikamuuliza kidogo tu. Akakata simu.

Nimetoka nje nikawatangazia kwamba Waziri amethibitisha. Si uongo mkubwa. Amesema atakuja. Siku tu ndiyo haijakaa sawa, na mtu akiona amesubiriwa ataona haya, atapanda gari.

Jioni Rodrick kaja na habari zake. Ati anafahamiana na Mheshimiwa Joyness, naibu waziri, aliyesoma na mkewe. Yuko Moshi kwa ziara, angeweza kufika kesho tukazika kesho hiyo hiyo. Alikuwa naye kwenye simu, sauti imefunguliwa. Sikujua! Nikasema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba marehemu wa hadhi hii hatuwezi kumzika na mtu anayebaki mlangoni wenzake wakiingia kikaoni.

Simu ikasema, "Poleni na msiba," ikakatwa.

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi waliacha visu. Ilibidi niende kukagua choo.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Kaburi lililochimbwa juzi, kabla sijasogeza siku, limejaa maji. Vijana wamelikausha kwa ndoo, likajaa tena, ukuta mmoja ukabomoka upande wa Mama. Wakanitazama. Nikawaambia Jumamosi jua litawaka. Nilisema kama vile nimeliteua mimi.

Mchana simu kutoka mochwari. Umeme umekatika tangu juzi na jenereta imegoma. Elinipendo ameshuka mjini kwenye mvua hiyo, kabeba suti ya Baba aliyoipiga pasi mwenyewe. Amerudi na suti ile ile mkononi. Mhudumu amemshauri jeneza lifungwe leo na lisifunguliwe tena. Hatutamuaga Baba kwa uso.

Hakupiga kelele. Alikaa jikoni na suti magotini, akasema polepole, "Nilimnawisha uso kila asubuhi tangu Krismasi. Kaka, umeninyima mara moja tu iliyobaki."

Nimeshindwa kula. Nimekula baadaye kidogo.

Nimempigia Sifael ili nimweleze hali. Simu imezimwa. Bila shaka Baraza bado limekaa. Kazi ya kumshauri Rais si mchezo.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeandaa kiti cha Waziri. Kochi la sebuleni, kitambaa cheupe, mstari wa mbele. Nimejifunza hotuba mbele ya kioo, pamoja na sehemu ya kulia.

Saa ya taarifa ya habari redio ilikuwa inaunguruma juu ya dirisha. Mabadiliko ya Baraza la Mawaziri! Wote tukasogea dirishani. Jina la Sifael likasomwa mapema. Uteuzi wake umetenguliwa. Bila sababu, bila shukrani, sentensi moja fupi kuliko tangazo la ng'ombe aliyepotea.

Kisha nani kachukua nafasi yake? Mheshimiwa Joyness. Waziri kamili! Mjumbe wa Baraza!

Rodrick hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma. Aliendelea kufunga kamba za turubai.

Nimemwendea, nimemwita ndugu yangu, nimempandisha cheo papo hapo kuwa Waziri wa Itifaki. Nimemwomba anipatie namba ya Mheshimiwa. Kasema hana hamu. Mkewe kaninong'oneza kwamba Mheshimiwa ataapishwa, lakini huenda akapitia msibani akielekea uwanja wa ndege. Huenda! Neno zuri sana hilo.

Jumamosi, 11 Mei

Tumezika. Wamezika.

Asubuhi Sifael alitokea kwa miguu, suruali imekunjwa, matope hadi magotini. Taksi yake ilikwama kule chini. Hakuna msaidizi, hakuna bendera. Akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akamkumbatia Elinipendo wakalia wote wawili. Kisha akaelekea kwenye kochi, amechoka. Nikamuwahi. Nikamwambia kiti kina mtu. Nikamwonyesha benchi nyuma, karibu na masufuria. Alitabasamu kidogo, akaenda kukaa. Digna amemletea maji. Mimi sijawahi kuona mke wangu akinitazama vile.

Ibada ilipoanza nikashuka njia panda kumpokea Mheshimiwa Joyness. Nilimwambia mchungaji asubiri nirudi. Nikasimama kwenye mvua na shada la maua. Likapita gari jeusi! Nikapunga mkono, nikainamisha kichwa. Lilikuwa la watalii wanaokwenda kupanda mlima. Mzungu mmoja amenipiga picha.

Nikasubiri. Nikasikia tenzi kutoka kule juu, migombani. Nikasubiri tena. Tenzi zikanyamaza.

Nilipopanda, wanaume walikuwa wanasawazisha udongo. Sifael alikuwa ameshika koleo, shati limemshika mgongoni. Alikuwa amemshusha Baba kwa kamba, upande wa mtoto wa kwanza. Upande wangu. Mchungaji kasema aliita jina langu mara tatu.

Nikaweka shada. Elinipendo akaliondoa, akaliweka pembeni kwenye nyasi, taratibu, kama mtu anayetoa kitu cha jirani kilichoingia kihambani kwa bahati mbaya.

Sifael ameondoka na Rodrick kwa bodaboda. Ameniaga. Amesema, "Mzee aliniambia kazi za serikali ni nguo ya kuazima. Nilikuja kumwambia nimeirudisha." Nimemuuliza kama bado ana namba za wasaidizi wa wizarani.

Jumapili, 19 Mei

Elinipendo amerudi Kahe. Hakuniaga. Amechukua suti ya Baba na kikombe chake. Digna amechuma jani la sale, akaniambia niende nalo kwa dada yangu, niombe msamaha kama watu wa kwetu wanavyoomba. Nimesema nitakwenda. Jani liko mezani, limeanza kujikunja.

Nyumba imekuwa kimya mno. Asubuhi nimejikuta napeleka chai chumbani kwa Baba. Nimekaa kitandani nikainywa mwenyewe.

Mchana nimepata habari kwamba Shangazi Mektrida, wa kule bondeni, kalazwa kwa kifua. Umri umekwenda. Nimesikitika sana. Nimekwenda kumtazama na ndizi mbivu. Anapumua kwa shida, lakini amenitambua, akanishika mkono.

Nimemuuliza daktari kwa unyenyekevu anampa muda gani. Kasema ni mapema kusema. Nikamwomba akadirie tu, walau wiki, kwa sababu Bunge linakaa hadi mwisho wa Juni na Mheshimiwa Joyness ratiba yake hujaa haraka.

Kesho nitapiga simu wizarani mapema. Kwa Baba kosa lilikuwa moja tu: nilichelewa kumwalika.