Sekunde Arobaini za Peugeot Yetu

Jumatatu, tarehe 11 mwezi wa saba 1983

Siku ya ushindi wangu imetangazwa! Jana baada ya misa Père Benoît alisema kermesse, sikukuu ya parokia, itafanyika Jumapili ijayo kwenye ule uwanja wa zamani wa ndege ndogo za shamba la kinini, njia ya Kavumu. Nyama choma, fanfare ya shule na tarumbeta zake, na mbio za magari. Zawadi: matairi manne mapya. Mjini hakuna matairi tangu Pasaka. Nilisimama palepale kwenye benchi. Apolline, mke wangu, akanivuta shati nikae.

Sababu ya kusimama: Peugeot yetu ya mizigo ina matairi laini kama upara. Apolline huiendesha hadi Minova kuchukua maharage na vitunguu vya kuuza sokoni Nyawera. Tunakula kwa gari hilo (mimi nangoja kazi ya ofisi, naingoja tangu zamani). Wiki iliyopita tairi lilipasuka, akalala njiani pamoja na vitunguu. Amesema neno moja tu. Kama Jumatatu ijayo hakuna matairi, gari linauzwa kwa kaka yake Grégoire, ambaye analitamani tangu tuoane.

Grégoire! Na ile Datsun anayoiosha hata mvua ikinyesha. Naye amejiandikisha. Basi ni vita.

Jumanne, tarehe 12

Père Benoît ametueleza sheria. Anasema aliiona kwa Wamarekani alipokuwa mwanafunzi. Kila mtu anapima gari lake kutoka mwanzo wa uwanja hadi mwisho, kisha anatangaza muda wake. Mwenye gari la polepole anaondoka kwanza, mwenye mbio anangoja ile tofauti. Hivyo hata lori linaweza kushindana na Datsun. Mpaka hapo nilikuwa naelewa. Halafu akasema atakayekimbia haraka kuliko muda aliotangaza ametolewa.

Niliomba arudie. Akarudia. Niliomba kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa ilikuwa mbaya zaidi.

Mtu anashindwaje mbio kwa kukimbia? Père akasema hizi si mbio za nguvu, ni mbio za kusema kweli. Ni kama kitubio, unasema ulivyo, kisha unaonyesha. Nikauliza kama naweza kutangaza siku nzima. Akasema naweza, ila itabidi niendeshe siku nzima. Watu wakacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha, nilikuwa napiga hesabu.

Hesabu yenyewe: anayetangaza polepole anaondoka kwanza. Anayeondoka kwanza anafika kwanza. Mengine yote ni mambo ya seminari.

Jumatano, tarehe 13

Tumepima. Niliondoka kwetu Bagira peke yangu, lakini gari la mizigo kupita tupu mbele ya watu ni tusi, na watu hawasahau, watalikumbuka hata siku ya kukuzika. Basi walipanda. Wamama wa mihogo na magunia yao, seremala na mlango wake, mbuzi wawili wasio na mwenyewe. Kufika uwanjani niliwaomba washuke kidogo nipime. Wakakataa kabisa. Mama mmoja akanifokea kutoka juu ya gunia: « Tushuke, weye ukimbie? Ule shofa wa jana alitufanya vile! Pima tu, sisi hatukukataze! »

Nikapima nao. Walikuwa wakiimba. Soeur Colombe, mshika saa, akasoma sekunde arobaini. Grégoire, ndani ya Datsun tupu kama moyo wake, alipata ishirini na nane. Alinitazama kwa huruma. Maskini! Hajui kwamba Jumapili atabaki amesimama akihesabu hadi kumi na mbili huku mimi naenda zangu. Nimeandikisha arobaini. Nilirudi nyumbani nikiimba wimbo wa wale wamama.

Alhamisi, tarehe 14

Esansi ya magari imekwisha mjini. Waliojiandikisha wanajitoa mmoja mmoja. Tumebaki wawili. Mimi, kwa sababu ya ile bidoni ya esansi aliyoificha Apolline kwa safari ya Minova, na Grégoire, kwa sababu Grégoire hakosi kitu. Apolline hajui kwamba esansi yake imehamia ndani ya Peugeot. Atajua baadaye, akishaona matairi mapya. Mbele ya matairi mapya hasira haikai.

Lakini leo, nikinyoa ndevu, nilipata mwanga. Ile sheria ya Père! Atakayekimbia kuliko muda wake ametolewa. Basi Grégoire akikimbia kuliko ishirini na nane, kwisha habari yake! Kumbe nisiombe Datsun iharibike. Niombe ipone! Sijawahi kufikiri jambo gumu namna hii. Ilibidi nikae chini, na povu usoni.

Ijumaa, tarehe 15

Nimekwenda kwa Grégoire na brashi, mafuta safi na unyenyekevu. Nikamwambia sisi ni ndugu, mbio ni mchezo tu, aniache nimtengenezee gari. Alinitazama kwanza mikono, halafu uso. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama chini ya Datsun mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nilisafisha buji, yaani plagi za moteri, moja moja mpaka zikang'aa. Nikabadilisha mafuta, nikapuliza vumbi lote la kiangazi, nikajaza matairi upepo. Mwishoni gari lilikuwa likinguruma kama mtu aliyeshiba.

Grégoire alikuwa na machozi. « Beau, » akaniambia, yaani shemeji, « miaka yote nilikuwa nakuwazia mubaya. Unisamehe. » Nikamsamehe. Njiani nikajisikia mtu mwema kweli, jambo ambalo limenichanganya sana.

Jumamosi, tarehe 16

Salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi. Mtaa mzima tulizibua mtaro. Grégoire alimhadithia kila mwenye jembe jinsi nilivyomtendea. Wazee wakanishika mkono. Apolline akaegemea ufagio wake akaniuliza tangu lini najua kusafisha buji, maana za Peugeot yetu ni nyeusi kama matako ya chungu. Nikajibu kwamba ni upendo wa familia. Akasema haraka haraka haina baraka. Sikuona uhusiano. Na hiyo methali ilitungwa na mtu asiye na gari.

Jumapili, tarehe 17

Naandika nikiwa nimejifungia jikoni.

Parokia yote ilikuja uwanjani kwa miguu kutazama magari mawili. Watu walikuwa wamepanda kwangu kama kawaida, safari hii na vikapu vya kermesse. Soeur Colombe akaja akasema washuke wote, ni hatari, gari likimbie tupu. Nilitaka kumbusu mkono. Gari tupu! Jepesi! Na juu yake sekunde kumi na mbili za bure! Nikaona kwamba Mungu mwenyewe yuko upande wetu.

Apolline alikuja dirishani. « Papa Georgette, ile siku ulipima na watu ndani. Leo hakuna watu. Uende polepole. » Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya ufundi, akakae na wenzake.

Bendera ikashuka. Nikakanyaga! Kwenye kioo nilimwona Grégoire amesimama, anangoja, anakuwa mdogo. Pembeni Apolline alikuwa anakimbia, ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, anakipunga kuelekea chini, chini, chini. Sijawahi kushangiliwa hivyo na mke wangu. Nikaongeza mwendo kwa heshima yake. Nilifika wa kwanza, Grégoire bado yuko na vumbi lake huko nyuma! Nilipanda juu ya kabini nikainua mikono. Walionipigia makofi ni watoto, ambao hawakuwa wamesikiliza sheria.

Soeur Colombe akasoma saa zake. Grégoire ishirini na saba. Nikaruka. Amezidi! Ametolewa! Buji zangu zimemmaliza! Kisha akasoma ya kwangu, thelathini na moja. Nikauliza thelathini na moja ya nini.

Père Benoît akaeleza. Wote wawili tumesema uongo, na hapo sheria humpa ushindi aliyedanganya kidogo. Wa Grégoire ni sekunde moja, dhambi nyepesi. Wa kwangu ni dhambi ya mauti. Matairi ni ya Grégoire. Nikasema lakini mimi ndiye niliyefika kwanza. Père akasema ndiyo, na hilo ndilo kosa lenyewe. Bado nalifikiria jibu hilo. Sioni mlango wake wala dirisha.

Tulirudi kwa miguu, kwa sababu tairi la nyuma lilipasuka palepale mwisho wa uwanja. Nyumbani Apolline alikwenda kutafuta bidoni yake, akaikuta tupu. Akachukua karatasi za gari akaziweka mezani, tayari kwa kaka yake kesho. Gari letu. Lile tulilokwenda nalo kumbatiza binti yetu Georgette. Nimelia. Watoto nimewaambia ni moshi, lakini moto haujawashwa.

Jumatatu, tarehe 18

Grégoire amekuja asubuhi. Karatasi hakuzigusa. Alishusha matairi yote manne mlangoni, na juu yake bidoni ya esansi, akamwambia Apolline: « Dada, bwana yako alitengeneza gari ya mushindani wake mbele ya mashindano. Mutu wa vile, siwezi kumunyang'anya gari. Mukamate hizi. » Baadaye aliongeza kwa sauti ndogo kwamba amejaribu tangu jana na kwenye Datsun hayaingii, ni makubwa.

Ana sharti moja. Kila Jumamosi, Salongo ikiisha, niende kumtengenezea Datsun kwa moyo uleule. Apolline alikubali kwa niaba yangu kabla sijafungua mdomo. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nikimaliza Datsun, buji za Peugeot zinaningoja, maana upendo wa familia unaanzia nyumbani.

Tulikwenda kuyafunga matairi kulekule uwanjani, na mchana ameondoka kwenda Minova. Nilimtazama mpaka kona. Kabla hajafika kona, wamama wa mihogo walikuwa wamekwisha kupanda.

Nimekaa nikafikiri, na hatimaye nimeelewa yote. Matairi tunayo. Gari tunalo. Kwa hiyo nilishinda, ni Père Benoît tu aliyehesabu vibaya. Kosa langu lilikuwa moja, arobaini ni kidogo mno. Mwaka ujao nitapima na kwaya nzima ndani, na kinanda chao cha harmonium, nitangaze sekunde sitini, na siku yenyewe niende tupu. Grégoire atakuwa bado anahesabu. Kiongozi wa kwaya nimekwisha kumwona leo jioni. Amekubali, anauliza tu kama mbuzi watakuwepo.