Ombi la Kompyuta Yangu Kutambuliwa Kuwa Ni Yangu

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Programu za Ushonaji.

Ndugu Mkuu,

Pole na kazi. Mimi ni fundi cherehani. Miaka sita iliyopita nilinunua programu yenu ya kuchora mikato ya nguo, nikajaza fomu kurasa zote nne. Mkaniambia itafanya kazi kwenye kompyuta yangu moja tu. Nikaona sawa, hata mume ninaye mmoja. Sasa nina malalamiko.

1. Wiki iliyopita kompyuta ilizimika. Fundi wa kompyuta alipoifungua, akakuta feni imezibwa na vumbi la vitambaa na ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu umeungua. Akabadilisha ubao na feni, kompyuta ikawaka, programu yenu ikaandika kwamba hii si kompyuta iliyosajiliwa. Jamani, ni ileile! Iko mezani palepale, na ubavuni ina alama niliyoiunguza kwa pasi. Mimi nageuza kola, nabadilisha zipu, natia viraka, na sijawahi kumwambia mteja kwamba shati si lake tena.

2. Mwaka jana mume wangu aliwekewa meno matatu ya bandia. Kwa utaratibu wenu ningemfungia nje. Nilimfungulia mlango, nikampa na uji.

3. Nilipopiga simu, binti wenu, mpole kwelikweli, alinishauri nirudishe ubao wa zamani. Ubao umeungua, ndugu yangu, unanuka. Hata hivyo nimeuweka juu ya kompyuta, nikidhani programu ikijua uko karibu itaridhika. Haijaridhika.

4. Hapa sitanii. Mdogo wangu anaolewa Jumamosi, leo ni Jumatano. Gauni lake, vipande thelathini na nane, limefungiwa humo ndani. Kitambaa alikinunua mama yetu kabla hajafariki, na hakuna kingine. Nikikata kwa kukisia nikakosea, basi tena. Kila asubuhi mdogo wangu anapita dukani, anakitazama kikiwa bado kimekunjwa, anaondoka. Inaniuma sana.

Kwa hiyo naomba mnipe namba mpya ya leseni. Kama hilo ni gumu, mtume mtu wenu aje akae na kompyuta yangu mpaka programu iizoee upya, godoro lipo. Na kama hilo nalo haliwezekani, mje wenyewe kumweleza shangazi yetu kwamba harusi imeahirishwa. Shangazi ndiye aliyekodi viti, na hana subira.

Msimamo wangu ni huu: kazi ya akili ya mtu isitiwe kufuli kamwe. Kufuli linamsumbua mwaminifu peke yake.

Nisalimie binti wa simu, mlinzi wa getini na wote hapo ofisini. Yule bwana aliyebuni kufuli mwambie simchukii, ila wiki hii asipite mtaa wetu.

Nabaki mteja wenu mtiifu, mwenye mkasi mkononi,
Fundi cherehani.

N.B. Leo ni Ijumaa, barua bado sijaituma. Juzi jioni wifi yangu, mwenye duka la nguo mtaa wa pili, alinionea huruma akaja na kompyuta yake. Programu yenu anayo. Alipewa na shoga yake, hajajaza fomu yoyote, na inafunguka popote bila kuuliza swali. Nikaweka faili zangu humo, nikakata gauni, nikashona usiku na mchana, mdogo wangu akalijaribu akalia kwa furaha. Lakini faili zangu zote za miaka sita zimebaki kwa wifi. Asubuhi hii nimepita dukani kwake nikaona gauni la mdogo wangu, mkato uleule, mikono ileile, linaning'inia dirishani na kibandiko cha bei. Bibi harusi mwenyewe hajalivaa la kwake! Tafadhali, Ndugu Mkuu, yapuuze yote niliyoandika hapo juu. Naomba kufuli. Lile kali kuliko yote mliyo nayo.