Tumbo Langu na Redio ya Evariste

Jumatatu, 24 Februari 2003
Chefu, kiongozi wa avenyu yetu hapa mtaa wa Lumumba, amekimbilia Mahagi. Sasa nani atawaambia watu saa ya kukimbia vita? Jirani yangu Evariste anadhani ni yeye, eti ana redio. Leo tumbo langu lilinguruma, na punde risasi zikalia upande wa mlimani. Redio ilikuwa inapiga muziki. Majirani walinitazama kwa heshima. Kiti cha chefu ni changu.

Jumatano, 26 Februari
Kwa muuguzi Bibiane. Anasema huo si unabii. Tumbo na ubongo hupashana habari kwa mishipa ya fahamu. Hofu ikiingia kichwani, tumbo linavurugika. Tena maziwa hayapatani nami, yanazidisha. Niyaache. Maziwa ya Espérance, mjane ninayetaka kumuoa! Bibiane hana huruma. Ila amenipa wazo: kumbe naweza kulingurumisha nikitaka.

Jumapili, 2 Machi
Uchaguzi wa chefu baada ya Misa. Nilitangulia kunywa vikombe viwili vya maziwa. Evariste aliposimama kusema, tumbo likajibu. Watu wakabeba magodoro mpaka parokiani. Hakuna risasi hata moja. Tuliporudi, mbuzi walikuwa wamemaliza sombe, majani ya muhogo, ya Mama Marcelline. Akaniambia mbele ya wote: “Hippolyte, weye na tumbo yako muko natuua na njaa.” Wamemchagua Evariste. Nimeumia sana.

Jumatano, 5 Machi
Chefu Evariste ametangaza kwamba redio inasema kuna utulivu, kila mtu alale kwake. Sauti yake imenichosha. Jioni nimekunywa jagi zima la maziwa, nikapita mlango kwa mlango nikiwasikilizisha tumbo. Walinicheka. Kisha Espérance akafungua kamba ya ng’ombe wake, akanifuata parokiani. Wengine wakaogopa kubaki peke yao. Evariste alikuja wa mwisho, redio ndani ya blanketi.

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri mji uliwaka moto. Risasi asubuhi nzima. Nililia. Lakini avenyu yetu yote iko hapa parokiani, hai, hata Mama Marcelline. Bibiane anasema ni bahati tu. Aseme. Mimi ndiye chefu!

Mchana kumetulia. Espérance amenishukuru kwa kopo la maziwa, mbele ya watu wote. Chefu hakatai. Nimemaliza lote.

Tumbo limeanza. Watu wote wamesimama, wanakunja magodoro. Godoro langu amelibeba Evariste. Wanangoja niwaambie twende upande gani.