Tani Ishirini na Saba

Jumatatu, 12 Hamle

Tangi la mafuta la Ato Sisay limefukiwa chini ya kituo chake tangu wiki iliyopita. Lita elfu hamsini, hatua mia nne kutoka ziwani, na kibali bado. Kosa si langu. Haraka ilikuwa yake. Mimi nimelichomelea na kulipigia hesabu tu. Wakaguzi wa mji wanakuja Jumatatu ijayo kuikagua hesabu hiyo. Ikipita, Ato Sisay ananipa vituo vyake vingine vya mafuta, kumi na kimoja. Isipopita, anavipeleka kwa Injinia Hirut, mwenye shahada na viatu visivyojua tope.

Shahada sina. Nilianza kwa kuchomelea mageti. Programu ya kompyuta ya hesabu hizi nimejifundisha mwenyewe.

Leo nimelichora tangi humo na kulirundikia udongo. Kitako chote kimewaka rangi nyekundu ya hatari! Yaani udongo umelibonyeza kama kopo. Sikula.

Jumanne, 13 Hamle

Nimepata dawa! Nimeufuta udongo, nikaweka springi mia tatu zinazolishika tangi pande zote. Kijani kitupu. Nimejaribu hata tangi likiwa tupu na maji ya mvua yamejaa chini yake: linainuka milimita mbili. Mbili!

Nikaenda kumwonyesha Hirut, aumie kidogo. Akauliza springi zangu zinasukuma tu, au zinavuta pia. Nikamjibu springi isiyovuta ni springi gani. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Eti, kwa heshima zote, Gashe Wubshet, umeona wapi udongo ukamshika mtu shati asiondoke? Udongo unasukuma tu. Tangi likitaka kupanda, hautalivuta lirudi. Eti lilitakiwa kufungwa na mikanda ya chuma kwenye zege kabla ya kufukiwa.

Haya yote mbele ya muuza kahawa!

Jumatano, 14 Hamle

Siku ya mfungo. Shiro ya dengu peke yake, na haishuki.

Kwenye programu kuna kisanduku cha "kusukuma tu". Nimekitia alama, kuthibitisha kwamba Hirut hajui kitu. Tangi likaruka, likatoka nje ya skrini. Nimelitafuta dakika kumi.

Nikashika penseli. Maji yanasukuma juu tani 52. Tangi lina tani 9, udongo ulio juu yake tani 16. Zinapungua tani 27. Nimerudia mara nne. Penseli nayo iko upande wa Hirut.

Mvua za Hamle hazikati. Mke wangu Etagegn kaniuliza mbona kila ngurumo nasimama. Nimesema mgongo unauma.

Alhamisi, 15 Hamle

Akili ni mali yangu! Tangi likijaa maji, hizo ni tani hamsini za kulikalia. Nimemwambia Ato Sisay lazima lijazwe, ni kipimo cha uvujaji, na maji yakae humo hadi wakaguzi waje. Akaniita mtu makini. Maboza matano yamemwaga tangu asubuhi.

Ningeweza kumwambia kwamba likiwa tupu litaelea. Lakini angeuliza nani kasema. Ningemtaja nani?

Jumamosi, 17 Hamle

Mvua siku ya nne. Nimepita kituoni kutuliza moyo. Foleni ya bajaji hadi barabarani! Ato Sisay mwenyewe kakunja suruali, kashika mpira wa maji, anaosha magari. Mabomba ya mtaa yamekauka tangu jana, na yeye kajiona ana ziwa lake chini ya miguu.

Nikauliza yamebaki kiasi gani. Akasema nisiwe na wasiwasi, karibu yote yameshatoka, na lingekuwa linavuja tungejua. Nikamsihi aache. Kwa nini? Jina la Hirut likafika kwenye ulimi. Nikalimeza. Nikasema maji yaliyolala yanababua rangi ya magari. Akanitazama kwa huruma, akaita bajaji inayofuata.

Jumatatu, 19 Hamle

Limetoka.

Mgongo wa tangi umepasua sakafu ya kituo, umechomoza mita nzima, kama kiboko anayevuta pumzi. Pampu moja imelala ubavu.

Wakaguzi walifika saa tatu. Mmoja akapiga picha. Mwingine akaomba hesabu, nikampa, ningefanyaje? Akasoma "milimita mbili", akalitazama tangi, akasoma tena. Akaniuliza kwa upole kama hizo ni milimita za kwetu hapa Bahir Dar.

Ato Sisay hakunitukana. Alikaa juu ya ndoo ya kuoshea magari, akampigia Hirut simu. Vituo vyote kumi na kimoja.

Jumatano, 21 Hamle

Hirut kanipigia. Nilijiandaa kwa kejeli. Akasema tangi limepanda vile na halijafungua kiungo hata kimoja, mtu anayechomelea hivyo hajamwona mjini. Nije nimchomelee mikanda vituo vyote. Mikanda sita kwa kila tangi, Gashe, na kompyuta uiache nyumbani. Etagegn kapiga vigelegele. Nimekubali.

Sita! Huo ni uoga wa watu wa shahada. Nimeiingiza mikanda kwenye programu, nikaondoa ile alama ya "kusukuma tu", maana inaitia mashine wasiwasi bure. Mitatu inatosha. Kijani kitupu!

Naanza kesho na mitatu. Hirut simwambii. Nataka ashangae.