Mifupa ya Mpiodi Mezani kwa Mama Honorine

Jumatatu, 6 Oktoba
Tumbo langu sasa lina ukubwa wa ndizi moja. Amesema hivyo Daktari Nephtali, aliyelipunguza kwa upasuaji kule Kampala mwezi wa sita, nilipompigia simu leo. Akarudia masharti: tonge dogo, tafuna hadi liwe uji, acha kabla ya kushiba. Nikamjibu kwamba nayafuata yote. Uongo. Hapa Kisangani hakuna anayejua habari za upasuaji. Wanajua nilifuata vitenge vya duka langu. Kitambi kilipoanza kuyeyuka walianza kunipa pole.

Jioni: mtindi, vijiko vichache, kwenye meza ya watu sita. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Meza sijaiuza.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimejaribu fufu, ugali laini wa muhogo, kwenye malewa, kibanda cha chakula cha Mama Germaine, ambako wafanyabiashara wote wa soko hula mchana. Fufu humezwa. Hakuna anayeitafuna, hata mgonjwa. Mimi nikatafuna. Eddy, mwenye duka la sabuni linalotazamana na langu, akawaita watu waje kuona. "Papa Philippe, fufu imekukosea nini? Ao meno imekuwa mingi?"

Nikameza kwa hasira. Kifua kikakaza, mate yakajaa mdomoni, nikakimbilia nyuma ya kibanda. Niliporudi Eddy alikuwa amemaliza sahani yangu. Alisema alikuwa ananisaidia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama Honorine amenialika kwao Jumapili baada ya misa. Ni mjane, muuza samaki, binti wa wavuvi wa pale maporomoko. Tangu nifiwe hakuna mwingine aliyeniita mezani. Lazima niitwe tena.

Amemwalika Eddy pia. Sijui kwa nini.

Amenieleza desturi ya kwao. Mgeni hupewa samaki wake mzima, na mwishoni baba yake Honorine, Papa Urbain, hutazama mifupa. Mgeni akiacha nyama, ni kama amesema chakula kina sumu.

Ningeweza kumwambia ukweli. Lakini nimepata mpango bora.

Jumamosi, 11 Oktoba
Mpango: nyama ya samaki itaingia kwenye mfuko wa plastiki ndani ya koti, pamoja na mifupa yake. Mifupa mingine, safi, nitaiweka sahanini. Nimenunua mpiodi wa barafu, yule samaki wa bahari anayeletwa kutoka nje, nikamchemsha. Nimekula kipande cha ukubwa wa kidole, polepole. Kimekaa vizuri. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nyama iliyobaki amepewa paka wa jirani. Mifupa inakauka dirishani, mizuri sana.

Jumapili, 12 Oktoba
Kapiteni, samaki wa mto wetu, wa kuchomwa ndani ya majani. Eddy alikula kama mtu aliyetoka gerezani, na wote wakawa wanamtazama yeye. Mkono wangu ulifanya kazi bila kosa. Sahani ikabaki na mifupa mitupu. Honorine alitabasamu.

Papa Urbain akachukua mfupa mmoja. Akaugeuza, akaunusa, akawapa ndugu zake. Wakaupitisha mkono kwa mkono.

"Hii iko ya mpiodi," akasema. "Mpiodi inafikaka huku ndani ya karton, na barafu. Kapiteni yangu imeenda wapi?"

Koti lilikuwa linadondosha mchuzi.

Eddy alicheka peke yake. Kisha shangazi mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, ni mutu gani anabebaka mifupa kwa meza ya wenzake, na anatafuta nini. Eddy akasogeza kiti chake mbali na changu.

Honorine alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza kama ni ugonjwa. "Sema tu, papa. Nitakupikia supu, nitaponda samaki kama ya mutoto. Haiko jambo ya haya."

Alisimama akisubiri. Nikamwambia niko kwenye nadhiri. Akauliza nadhiri kwa mtakatifu gani. Sikuwa nimemwandaa mtakatifu.

Jumanne, 14 Oktoba
Papa Urbain ametuma maneno kupitia Eddy, aliyeyafikisha dukani mbele ya wateja. Jumapili nirudi. Nile kichwa kizima cha kapiteni mbele ya familia, ndipo waamini kwamba sikuwabebea uchawi. Nisipokwenda, Honorine asinikaribishe tena.

Eddy akaongeza, bila kucheka, kwamba Honorine anasema sufuria ndogo ya supu ipo. Nikitaka, nimwambie kabla ya siku hiyo, naye atazungumza na baba yake.

Nimefikiri mchana kutwa. Nimefunga duka mapema, nikapita mbele ya meza ya samaki ya Honorine, nikamsalimu. Aliacha kazi, akaningoja niseme. Nikamuuliza kama mvua itanyesha.

Kosa la Jumapili nimelijua: nilikosea aina ya samaki. Sandrine, muuza samaki wa upande wa pili wa soko, ameahidi kuniwekea mifupa ya kichwa cha kapiteni, kichwa kikubwa, Ijumaa. Itakuwa imekauka kufikia Jumapili, tarehe 19, baada ya misa ya pili.