Kijapani kwa Njia ya Mbweha

Jumatatu, 3 Machi
Bosi katangaza: Ijumaa anakuja mama mmoja kutoka Japani, wa kiwanda kilichotengeneza cherehani zetu. Atachagua fundi mmoja akasome huko miezi mitatu. Karakana nzima ikamgeukia shemeji, kaka wa mke wangu. Eti cherehani mbovu ikimwona inapona yenyewe. Nikasema mimi najua Kijapani. Ilinitoka tu. Jioni nimenunua kitabu: hadithi fupi za Kijapani, za kale na za kisasa. Kijapani kushoto, kwa herufi zetu, Kiswahili kulia. Siku nne zinatosha. Lugha ni lugha.

Jumanne, 4 Machi
Hadithi ya kale. Mbweha kajigeuza bibi harusi. Nimelia. Nimekariri sentensi moja tamu ajabu, sikukumbuka kutazama ukurasa wa kulia. Mke wangu kauliza mbona namkagua gauni kwa nyuma. Nikamjibu natafuta mkia, ni masomo. Kanuna.

Jumatano, 5 Machi
Hadithi ya kisasa. Mwanamume yuko jikoni anachemsha maji. Kurasa kumi na moja, hasemi neno. Sasa nikariri nini? Nimerudi kwa mbweha wangu. Shemeji naye anajitapa na neno moja alilookota kwenye simu: arigato. Ni asante tu. Nimemwonea huruma.

Ijumaa, 7 Machi
Mgeni ni mama mfupi mwenye mvi. Nikainama mpaka bisibisi zikamwagika mfukoni. Nikatoa sentensi yangu. Akacheka hadi akashikilia meza. Akatueleza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, kwamba nimemwambia, "Ewe bibi, mkia wako unaonekana." Akasema hata nyanya yake hakuongea kizamani hivyo. Bosi akatazama dari. Shemeji akasema arigato, akafungua cherehani iliyokwama tangu mwaka jana, ikashona. Kachaguliwa yeye.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaja nyumbani, mpole. Anaomba nimfundishe Kijapani kabla hajaondoka, maana mimi angalau niliongea mgeni akaelewa. Kweli tupu! Nimebandika tangazo mlangoni: MWALIMU MZOEFU WA KIJAPANI. Kufika adhuhuri, wanafunzi watano. Mmoja kauliza kama nafundisha na Kichina. Nimemwambia Kichina ni wiki ijayo.