Ombi la Kuwashiwa Trekta Nikiwa Ndani ya Mashine

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Ushirika wa Wafugaji,

Shikamoo Mama.

Nimetanguliza uenyekiti kwa sababu hili ni jambo la kikazi. Ya ukwe nimeyaweka mwisho, pamoja na salamu. Uniwie radhi kwa mwandiko: karatasi iko juu ya goti, na goti lenyewe halijapata pa kukaa.

Nalalamika rasmi dhidi ya Msimamizi wa Mitambo wa ushirika wetu, ambaye pia ni binti yako, ambaye pia ni mke wangu. Tangu asubuhi namwomba jambo dogo tu, awashe trekta. Amekataa. Sababu anayotoa ni kwamba mimi niko ndani ya mashine ya kufunga nyasi.

Kweli niko ndani. Sitaki kuanza kwa kubishana juu ya mambo yanayoonekana.

Ili kikao kisije kikayasikia haya kwa muuza maziwa, nieleze mwenyewe. Mashine yetu unaijua, ile kongwe, inayozoa nyasi shambani na kuzizungusha tumboni mwake kwa mikanda mipana mpaka ziwe robota la duara, kisha mlango wa nyuma unainuka na robota linabiringika nje. Jana mkanda mmoja ulikatika. Binti yako akasema atavalisha mpya akisharudi kutoka kumpeleka ndama kwa daktari wa mifugo. Mimi, ambaye majirani huniita Fundi Mwenyewe (jina nilijipa, wao wakaliongezea kicheko), nikaona nimalize kabla hajarudi.

Niliwasha trekta, nikaitazama mikanda inavyokwenda, nikainua mlango, mikanda ikalegea, nikazima. Ufunguo nikautia mfukoni. Nikalegeza springi zinazoivuta mikanda, na hili naomba liingie kwenye kumbukumbu, maana ndilo jambo la akili nililofanya leo. Nisingezilegeza, saa hizi mikanda ingekuwa imenikumbatia kuliko alivyowahi kunikumbatia binadamu. Nikafunga ncha ya mkanda mpya kwenye mkia wa ule wa zamani, nikavuta wa zamani, mpya ukafuata njia ileile katikati ya rola kama ndama na mama yake. Nikaingia ndani kuunganisha ncha mbili. Pini ikapita. Nikakaa kidogo kuitazama kazi yangu. Nikiwa katika kuitazama, mlango ukashuka nyuma yangu, taratibu, kama mzee anayejikalisha kitini. Ukajifunga.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Komeo. Kuna komeo la chuma la kuuzuia mlango usishuke ukiwa juu. Sikulifunga. Lilikuwa limeshika kutu, lilitaka nyundo, na nyundo ilikuwa ng'ambo ya ua. Nalalamika kwamba kitu muhimu kiasi hicho kimeachiwa uhuru wa kutokujifunga chenyewe.

2. Mlango. Umeshuka kwa sababu mafuta ya haidroli yanayoushikilia juu yanavuja, na hilo kila mwanachama analijua. Mimi mwenyewe ndiye niliyesimama kwenye kikao kilichopita nikasema, "Kuvuja kidogo hakujamuua mtu." Naomba maneno hayo yafutwe.

3. Lugha ya Msimamizi. Aliporudi alinitafuta jikoni, chumbani, mpaka zizini. Nilinyamaza, kwa kuwa nilikuwa bado natafuta maelezo. Vumbi la nyasi likanisaliti, nikapiga chafya. Akaja, akachungulia penye upenyo wa mikanda, upenyo ambao mkono unapita na bega halipiti.

"Mzima?"

"Mzima."

"Mikono?"

"Yote ninayo."

"Miguu?"

"Nimeikalia."

Akashusha pumzi ndefu. Kisha akasema, "Basi tulia hapo hapo, mume wangu. Miaka yote hii nimekuwa nikitafuta siku ambayo nitaongea nawe usiondoke." Akaongea. Aliyoyasema ni ya kifamilia, siyaandiki, ila mengi yalikuwa ya kweli, na hilo nalo nalilalamikia.

4. Ufunguo. Nilimpitishia kwenye upenyo: awashe, ainue mlango, nitoke, tunywe chai, yaishe. Akaurudisha. Nikautoa tena. Ukarudi pamoja na chai. Anasema sheria ni yako, Mama, ile uliyoiandika kwa rangi nyekundu ubavuni mwa mashine: ALIYE NDANI NDIYE MWENYE UFUNGUO. Mtu akiwa ndani, trekta haliwashwi, hata kama aliye ndani anaomba mwenyewe.

"Hata akilia?" nikamuuliza.

"Hasa akilia."

Najua sheria hiyo ilikotoka. Baba mkwe humpa kila mtu mkono wenye vidole vitatu, na sijawahi kumsikia akivisema vile viwili. Lakini yeye, kwa heshima zote, siku ile alikuwa na haraka. Mimi sina haraka yoyote, isipokuwa hii ya mvua.

5. Mvua. Nyasi zetu zimekatwa, zimekauka, zimelala shambani zinanisubiri. Humu ndani naona kipande cha anga kati ya mikanda miwili, na kipande hicho kimekuwa cheusi. Zikilowa zitaoza, na wakati wa kiangazi siwezi kuwalisha ng'ombe visingizio, ingawa ninavyo ghala zima. Fundi chuma, ambaye ndiye mwenye winchi ya mnyororo ya kuinulia mlango, yuko kijiji cha pili mpaka jioni. Palitolewa wazo la kuikata mikanda. Nililipinga kwa sauti kubwa. Ule mpya umekaa vizuri, na kwa mtu kama mimi jambo hilo halitokei mara mbili.

6. Heshima. Muuza maziwa amepita akapaza sauti, "Shemeji, ukianguliwa tupeni habari!" Jirani wa bondeni ameuliza kama nauzwa peke yangu au pamoja na mashine. Msimamizi alitakiwa kunitetea. Alicheka mpaka akashika gurudumu asianguke.

Kwa hayo, naomba umwagize binti yako kwa maandishi awashe trekta mara moja. Ikishindikana, sheria ibaki kwa wanachama wengine na waume wa wasimamizi waachwe nje yake, kwani sisi tuna matatizo ya kutosha. Ikishindikana hata hiyo, basi kikao kitamke kwamba ndani ya mashine hamna mtu. Nina hoja. Mtu yuko pale ulipo moyo wake. Wahenga hawakusema hivyo, lakini wangekaa humu tangu asubuhi wangesema. Moyo wangu uko shambani kwenye nyasi. Kilichobaki humu ni mwili tu, na sheria yako haikutaja miili.

Natumaini ombi hili litashughulikiwa kabla ya mvua.

Sasa ya ukwe. Nisalimie baba mkwe, mwambie ule mshipi wake wa suruali nitaurudisha. Shangazi msalimie, na wote wa nyumbani kwenu, na yule jogoo aliyenifukuza sikukosana naye. Hapa sote hatujambo, kila mmoja upande wake wa mikanda.

Mkweo mtiifu, ambaye leo hana pa kwenda,

Fundi Mwenyewe

Nyongeza: Msimamizi alikataza barua isipelekwe mpaka nitoke, kwa hiyo naongeza haya nikiwa nje.

Fundi chuma alifika, akafunga mnyororo, mlango ukainuka, na komeo likapigwa nyundo kabla sijaruhusiwa hata kupumua kwa nguvu. Nilipotoka nilikwenda moja kwa moja kwenye trekta na ufunguo wangu, nimwonyeshe kila mtu kwamba ilikuwa kazi ya dakika moja. Nikapanda, nikakaa, ndipo nikauona wenzo wa shafti, ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mikanda. Asubuhi nililizima trekta kwa ufunguo tu. Wenzo sikuurudisha. Ulikuwa bado umeshika, na trekta letu ni la zamani, linawaka hivyo hivyo. Msimamizi angeugeuza ufunguo nilivyomsihi, mikanda ingeanza kuzunguka kabla mlango haujasogea, na ushirika ungepata robota lake.

Mke wangu aliuona wenzo pale pale nilipouona. Alipindua ndoo, akaikalia, akanivuta mkono, akaanza kunihesabu vidole kama anavyohesabiwa mtoto mchanga.

Nilitaka kuichana barua hii. Amekataa, nimeagizwa niilete mwenyewe na niisome mbele ya kikao, pamoja na ile hoja ya miili. Ombi limeondolewa. Mvua imenyesha, nyasi zimelowa zote, kesho tutazigeuza tuone zitakazopona. Maandishi mekundu ubavuni yamepauka, nitayapaka upya. Komeo nimelitia grisi. Sasa linafungika kwa kidole kimoja. Nimejaribu kwa vyote kumi.